Kigoda cha Mgeni

Kwetu Ilembula, katika nchi ya Wabena, kabla mkono haujagusa ugali, kuna maji ya kunawa na kuna sala. Katika nyumba za Walutheri huwa ni sala fupi, hata mtoto asiyejua kusoma anaiweza: inamkaribisha Bwana Yesu awe mgeni wetu, abariki tulichoandaliwa. Tunaisali macho tumefumba, harufu ya maharage imejaa chumba. Tukisema amina, tunamega tonge. Mgeni tuliyemwita hatumsogezei hata kigoda.

Fritz von Uhde alimsogezea. Mjerumani huyu alikuwa askari wa farasi kabla ya kushika brashi, na mwaka 1885 alichora picha yenye jina la sala hiyo hiyo. Ni chumba cha watu wa hali ya chini. Jamaa wamesimama kuzunguka meza, mama analeta bakuli la chakula, na baba, kofia mkononi, anamwonyesha Yesu kiti.

Nausifu ufundi wa picha hii kwa sababu ya nuru yake. Mwaka 1882 Uhde alikwenda Uholanzi, na huko akajifunza kuchora mwanga jinsi jicho linavyouona. Basi hakumpamba Bwana kwa dhahabu. Mwanga ni ule wa dirishani, unaoangukia nywele za watoto, mbao za sakafu na vazi la Yesu bila upendeleo. Kichwani pake kuna mng'ao hafifu tu. Ukipita haraka hutauona. Wapo waliomlaumu Uhde kwamba watu wake ni maskini mno, hawana sura nzuri. Lakini aliwachora kwa heshima ile ile aliyomchorea Bwana wao.

Kisha tazama mkono wa baba. Hauombi, unakaribisha. Mbena yeyote ataufahamu bila mkalimani, maana kwetu mgeni huambiwa “kamwene”, akavutiwa kigoda, ndipo aulizwe ya safari.

Mwaka 1891, miaka 6 baada ya picha hiyo, wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika nyanda zetu za juu kusini kwa njia ya Ziwa Nyasa. Picha imebaki Berlin hadi leo. Sala tunayo sisi, mchana na jioni. Nami tangu niijue picha hiyo, kabla sijafumba macho hutazama kwanza kama pamebaki kigoda kitupu.