Msomaji Naye Ana Neno

Nani alimuua Rosa? Swali hili limewagombanisha wasomaji tangu mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya ya Rosa Mistika. Mmoja atasema ni Zakaria, baba mlevi aliyempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Mwingine atawataja wanaume waliompokea huko alikokwenda kusoma. Wa tatu atashikilia kwamba Rosa alikuwa na akili timamu na mkono uliotenda ulikuwa wake. Mtunzi mwenyewe, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, hakutaka kulikata shauri hilo. Aliwaacha binti na baba wakishitakiana mbele ya Mungu. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, watu wakaendelea kukisoma, na kesi ikahamia kwao.

Kuingia katika ubishi wa namna hiyo na kutoka na hoja iliyosimama ni ufundi, na mafundi wake hawana vyeti. Ni muuza duka, kondakta anayesubiri gari lijae, mwalimu mstaafu, msichana wa kidato cha tatu. Watunzi husifiwa, wahakiki hualikwa kwenye makongamano, ila huyu aliyenunua nakala kuukuu pembeni mwa barabara na kuimaliza kwa mwanga wa kibatari hatajwi. Anastahili kutajwa, kwa kuwa anachokifanya si kidogo. Kusema "kitabu kizuri" ni salamu tu. Anayesema Zakaria ndiye mwuaji hana budi kurudi kwenye ile barua, akionyeshe kipigo, kisha aeleze kwa nini maumivu ya utotoni yana uzito kuliko uamuzi wa mtu mzima. Akifika hapo, mpinzani wake naye analazimika kufungua kurasa.

Said Ahmed Mohamed alipotoa Utengano mwaka 1980, alimweka Maimuna katika nyumba ya Bwana Maksuudi, baba anayeheshimika mjini na anayemfungia binti yake ndani. Binti anatoroka, mji unamlaghai, anaangukia ulevini, kisha anajaribu kuinuka. Wasikilize wasomaji wa riwaya hii, utajua mara moja nani amekaa upande gani. Wasichana humfuata Maimuna hatua kwa hatua na kumsamehe karibu kila kitu. Wanawake waliokwisha kulea husimama kwa Bi Tamima, mama yake, na kuuliza: katika nyumba ile, na mume yule, angefanya nini? Wapo wanaume wanaoanza kwa kumlaani Maksuudi kwa sauti kubwa, halafu, anapoporomoka, wakapunguza sauti.

Hakuna kati yao aliyekisoma kitabu vibaya. Kila mmoja amekuja na kitu ambacho mtunzi hakuwa na namna ya kukiandika: umri wake, nyumba aliyokulia, binti anayemlea sasa. Msomaji hodari hulitamka hilo waziwazi, "nilikisoma nikiwa mama," kisha hurudi kitabuni haraka kabla hajaanza kusimulia habari za ukoo wake wote. Kujua wapi pa kuacha maisha yako na kumpisha Bi Tamima aseme kunahitaji adabu, na adabu hiyo hujengwa kwa miaka mingi ya kusoma na kubishana.

Shule imesaidia sana katika hili, na haifai kubezwa. Bila vitabu vya mtihani watu wengi wasingewahi kumaliza riwaya hata moja ya Kiswahili. Wanafunzi wa sekondari Tanzania wamesoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu; nchini Kenya, rika moja lilikabidhiwa Siku Njema na jingine Kidagaa Kimemwozea, vyote vya Ken Walibora. Tatizo liko kwenye maswali. Mtihani unataka dhamira, sifa za wahusika, tamathali za usemi, muktadha wa dondoo. Fani na maudhui vinachambuliwa hadi mfupa, lakini mtahiniwa haulizwi hata mara moja yeye aliionaje hadithi. Miongozo inauzwa ikiwa na majibu tayari, na kijana anaweza kupata alama nzuri bila kumpenda wala kumchukia mhusika yeyote. Walimu wanaotenga hata robo saa ya kipindi kwa swali la "wewe unasemaje?" wanafanya kazi ambayo mtaala haujawaagiza, nao wanastahili shukrani.

Hata hivyo maoni ya mtu hayafi kirahisi. Walibora alipofariki Aprili 2020, watu wazima waliokwisha kusahau sehemu kubwa ya masomo yao walimlilia kwa kumtaja Kongowea, kijana wa Tanga anayevuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Siku Njema ilikuwa imetoka mwaka 1996. Zile orodha za sifa za wahusika zilikuwa zimefutika vichwani mwao zamani. Kilichobaki ni uchungu wa mtoto anayesimangwa kwa kutokuwa na baba, na jinsi wao, wakiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, walivyotaka afike.

Wasomaji wamewahi pia kuwatangulia wataalamu. Vyuoni, hadithi za upelelezi ziliwekwa kwa muda mrefu katika kapu la "riwaya pendwa," jina ambalo halikuwa sifa. Mitaani hali ilikuwa nyingine. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa, mvuta kiko, amekuwa akilinganishwa na Sherlock Holmes tangu hapo. Msomaji wa Unguja aliye makini ataukubali mfanano huo, kisha ataongeza jambo lisiloonekana na anayetazama kiko peke yake: Bwana Msa hupekua kwa mazungumzo, na siri anazozifukua ni za ukoo, nani mtoto wa nani na nani alifichwa asijulikane. Katika mji wa watu wanaojuana, hapo ndipo penye hatari. Maoni kama hayo yanakifungua kitabu kuliko kurasa nyingi za kukilinganisha na vya Uingereza.

Bara nako Elvis Musiba alimtuma mpelelezi wake Willy Gamba kazini katika Kufa na Kupona, mwaka 1974. Vijana waliokesha na kitabu hicho walijua kusema mahali hadithi ilipokimbia vizuri na mahali ilipotoa ahadi isiyolipwa. Walikuwa wanahakiki, hata kama hakuna aliyewaita wahakiki.

Upo pia ujasiri wa kusema, "Hapa nilipotea." Kezilahabi yuleyule wa Rosa Mistika alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, vitabu vyembamba ambamo visa havifuatani kwa mpango uliozoeleka na ndoto inaingia katika falsafa bila kubisha hodi. Kuna waliovitupa, kuna waliovirudia mara tatu. Asiyevielewa, akionyesha ukurasa uliomwangusha na akataja alichokuwa anakitarajia pale, amewasaidia wenzake kuliko anayevisifu kwa kuogopa kuonekana mjinga.

Muda nao huwa mwalimu wa ufundi huu. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza. Mhusika wake Karama, aliyeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, hana silaha mahakamani ila maneno. Siku baada ya siku anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje, wakarudi na mema, wakalipwa mateso. Karani wa wakati ule aliweza kumwona mkoloni katika kila mstari. Mwanafunzi wa leo mara nyingi huona ngano nzuri yenye lugha nzito. Mfanyakazi aliyewahi kuleta ushauri mwema ofisini akaadhibiwa kwa huo huo ushauri huona kitu cha tatu, na akikirudia kitabu baada ya kustaafu huenda akaona cha nne. Ndiyo maana maoni yafaa yaandikwe na tarehe, hata kama ni mistari miwili kwenye jalada la ndani. Msomaji akirudi baada ya miaka ishirini atakutana na mtu aliyekuwa yeye, na mara nyingi atataka kubishana naye.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wasomaji wengi wa Kiswahili walishangilia jina kabla ya kuvisoma vitabu, kwa kuwa vilikuwa kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata ikatoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994, na ubishi ukapata lugha yake. Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake, mwishoni anakimbia kuufuata msafara wa askari wa Wajerumani. Kwa nini? Wapo wanaosema alichoka kuwa mali ya mtu na mlango uliokuwa wazi ulikuwa ule mmoja. Wapo wanaosema alibadilisha bwana tu, akachagua aliye mkali zaidi. Mtu aliyekulia katika nyumba ambamo wazee walisimulia vita vya Wajerumani na wapagazi wasiorudi hawezi kusoma mwisho ule kwa utulivu; yeye anajua askari wale wanakwenda wapi, na Yusuf hajui. Kisha mwingine atakumbusha kwamba Khalil, mwenzake Yusuf wa dukani, naye alitolewa rehani, deni lake likaisha, akabaki palepale kwa ajili ya Amina, ndugu yake wa kulelewa. Ikiwa kukimbia kwa Yusuf ni uhuru, kubaki kwa Khalil tukuiteje?