Kipimo cha Kigali na Mapafu ya Masisi

Kwa kipimo cha Berlin cha mwaka 2012, mgonjwa ambaye mapafu yake yameshindwa kazi ghafla hahesabiwi kuwa na ARDS (ugonjwa wa mapafu kushindwa kupumua ghafla) mpaka apimwe gesi katika damu ya ateri, apigwe picha ya kifua kwa eksirei au CT, na asaidiwe na mashine yenye shinikizo la angalau sentimita 5 za maji. Huko Masisi, mashariki mwa Kongo, au Walikale ambako safari ya kutoka Goma hukwamishwa na matope na vita, masharti hayo yaliwafuta wagonjwa kwenye hesabu.

Ufumbuzi ulitoka nchi jirani ya Rwanda. Mwaka 2016 Elisabeth Riviello na wenzake walichapisha utafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali. Badala ya gesi ya damu walitumia kipima oksijeni cha kidoleni: asilimia inayosomeka hugawanywa kwa sehemu ya oksijeni anayovuta mgonjwa, na jibu lisizidi 315. Ultrasaundi ikakubaliwa pamoja na eksirei. Sharti la mashine likaondolewa. Kati ya watu wazima 1,046 waliochunguzwa, 42 walikuwa na ARDS. Kwa kipimo cha Berlin, hata mmoja hakupatikana. Nusu ya hao 42 walifia hospitalini. Naona hapo ndipo penye uzito wote: walikuwepo, wakifa, bila jina la ugonjwa wao.

Kwenye ultrasaundi, pafu lenye hewa huonyesha mistari ya mlalo. Likiingia maji, mistari ya wima hushuka kutoka kwenye utando wake hadi chini ya skrini. Ikifika mitatu katikati ya mbavu mbili, kuna tatizo. Lakini moyo uliochoka nao huleta mistari hiyo hiyo. Kwa ARDS, madoa ya ugonjwa hupakana na sehemu nzima, utando ukiwa umekwaruzika. Hata hivyo moyo nao sharti utazamwe.

Ufafanuzi wa kimataifa wa ARDS uliochapishwa mwaka 2024 umekubali ultrasaundi na kipima oksijeni cha kidoleni, mradi mpimaji wa ultrasaundi awe amefunzwa na usomaji wa oksijeni usizidi asilimia 97. Izingatiwe pia kwamba kifaa cha kidoleni huweza kuzidisha usomaji kwenye ngozi nyeusi.

Kwa aliye kwenye mashine, ultrasaundi huonyesha kama pafu lililoziba limefunguka baada ya shinikizo kupandishwa. Pafu lililojazwa hewa kupita kiasi haiwezi kulionyesha.