Igiseke Hutazamwa Ndani Kwanza

Jumamosi za kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, Mutakura, hapa Bujumbura, huwa mtaa wa harusi. Saa ya kupeleka zawadi ikifika, hutoka safu ya wanawake waliovaa imvutano, vazi linalofungwa begani, kila mmoja na igiseke, kikapu cha kufumwa chenye kifuniko, kichwani. Ndani mna maharage, mchele, mtama au unga wa muhogo. Igiseke hicho kinatakiwa kibebe kilo kadhaa bila kubonyea, kitulie juu ya ngata, kifike bila kumwaga punje, na kifuniko chake kisiteleze mbebaji anapoinama mlangoni. Mimi hukipima kwa safari hiyo, na hukumu zangu nyingine zote zinatokana nayo.

Vingi vinavyouzwa Bujumbura siku hizi havikufumwa kwa ajili ya safari. Mji huu ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani, ukakua chini ya Wabelgiji kwa jina la Usumbura, na waliohamia kutoka milimani walikuja na vyombo vya kwao. Kule milimani igiseke kilitunza nafaka. Mjini nafaka hununuliwa kwa kilo na kumiminwa kwenye ndoo ya plastiki, kwa hiyo igiseke kikabakiwa na kazi mbili: kubeba zawadi na kupamba sebule. Pambo halidai mshono wa kukaza. Mfumaji anayejua kwamba kazi yake itakaa juu ya kabati la televisheni hana sababu ya kumaliza siku nyingi akibana kila pindi, wala simlaumu. Namlaumu mnunuzi aliyeacha kuuliza.

Ili uweze kuuliza, jua kwanza kinavyotengenezwa. Kiini ni fungu la majani makavu membamba, mara nyingi ishinge, linalozungushwa pindi juu ya pindi kuanzia katikati ya kitako. Utepe mwembamba wa mafunjo, wa ganda la mgomba au wa nyuzi nyingine huviringishwa kulizunguka fungu hilo, na kila mara sindano hutoboa pindi ya chini ili kuifunga pamoja na ya juu. Hakuna gundi wala msumari. Nguvu yote hutoka kwenye mkazo wa utepe, na mkazo huo lazima uwe uleule tangu mshono wa kwanza hadi wa mwisho, siku mkono unapokuwa mpya na siku umechoka. Wafumaji wawili wanaweza kutumia majani ya bonde moja, mmoja akatoa chombo cha miaka thelathini na mwingine kitu kitakacholegea kabla ya masika.

Basi sema: "Mama, naomba nikifungue nitazame ndani." Muuzaji mwenye mali nzuri hukupa mwenyewe. Nje mfumaji ameshakata nyuzi zilizochomoza na kulainisha, lakini ndani hawezi kuficha mengi. Tafuta mahali utepe mmoja ulipoisha na mwingine ukaanza. Katika kazi njema ncha zote mbili zimelazwa ndani ya fungu la majani na kufunikwa na mishono inayofuata, usizione mpaka uzisake kwa ukucha. Katika kazi ya haraka ncha zinachungulia, na hapo ndipo kufumuka kutakapoanzia. Kisha kiinue kuelekea jua, uso wako ukiwa mdomoni mwake. Mwanga ukipenya kwa vitundu, unga nao utapenya.

Baada ya hapo bonyeza ukuta kwa vidole gumba, polepole, ukizunguka. Ukuta mzuri hukataa kidogo halafu hurudi. Ukikuta sehemu ngumu na mbele yake sehemu laini, mfumaji aliongeza majani mengi kwa mkupuo badala ya kuongeza unyasi mmoja mmoja. Ukuta ukiwa laini wote, huenda majani yalifumwa kabla hayajakauka sawasawa. Majani mabichi husinyaa, kiini kikapungua ndani ya utepe, na mshono uliokuwa umebana ukabaki ukielea. Kosa hili halionekani siku ya kununua igiseke kipya. Ndiyo maana napendelea kilichokaa dukani miezi kadhaa, hata kama vumbi limekishika.

Watu wengi hutazama wembamba wa mishono na kuishia hapo. Ni kweli kwamba utepe mwembamba hutaka muda zaidi na jicho kali zaidi. Lakini nimeona viseke vya mishono myembamba ya kupendeza juu ya kiini legevu, na vingine vya mishono mipana ambavyo ungeweza kuvikalia. Anza na kiini, wembamba ufuate.

Kitako kina jambo moja tu. Kiweke mezani, kizungushe. Kisiyumbe.

Mapambo nayo yana hesabu yake, na hapa ndipo akili ya mfumaji inapodhihirika. Tuseme kuna pembetatu nyeusi zinazouzunguka mwili. Mwili hupanuka kadiri pindi zinavyopanda, kwa hiyo idadi ya mishono kwa kila mzunguko hubadilika, na pembetatu zinapaswa kukua pamoja nayo. Anayefuma bila kupiga hesabu hufika mwisho wa mzunguko akakuta nafasi iliyobaki ni ndogo, akaifinya pembetatu ya mwisho au akaacha pengo. Zungusha igiseke mpaka uone mahali mchoro ulipokutana na mwanzo wake. Usipoweza kupatambua, mlipe mfumaji huyo anachoomba.

Kifuniko chenye ncha ndefu hupendwa na macho, lakini mimi hukijaribu kwa kukigeuza. Kinapaswa kukaa vizuri upande wowote utakaokiweka. Kikikaa upande mmoja tu, mdomo au kifuniko si duara. Kishushe polepole: kwenye kazi ya daraja la juu utahisi hewa ikigoma kidogo kabla ya kutoka.

Rangi hujaribiwa kwa kitambaa cheupe chenye maji, kikisuguliwa ndani. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia kwenye mchele. Ukikuta mng'ao mkali na rangi nyingi, aghalabu utepe ni katani iliyotiwa rangi, mtindo ulioshamiri Rwanda, ambako agaseke, ndugu wa igiseke, kimewekwa hata katika nembo ya taifa ya 2001. Ile ni kazi ya heshima yenye wateja wake wa ng'ambo. Usikubali tu kuuziwa katani kwa maneno ya mafunjo. Na msomaji wa Pwani asije na kipimo cha mkeka au kawa: vile husukwa kwa ukili kisha vikashonwa, na ubora wake hutafutwa kwenye ususi na kwenye viungo vya ukili. Igiseke hakina ukili.

Ukitaka kulifunza jicho, nenda Musée Vivant katikati ya Bujumbura, au panda hadi Gitega kwenye makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa 1955. Vya zamani hufundisha uwiano: jinsi tumbo linavyopanuka bila kuonekana zito, na jinsi kifuniko kinavyoendeleza mstari wa ukuta. Kununua ni habari nyingine. Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua 27 Januari 2013, wauzaji wametawanyika mitaani, na kutoka Mutakura itakubidi kuuliza soko hadi soko. Usiende mchana wa Jumamosi ya harusi, wakati kila mtu ana haraka na bei imepanda.

Usikipite kilichotengenezwa upya. Mdomo ndio huchoka mapema kwa sababu hushikwa kila siku, na fundi mzuri huweza kuufuma tena kikawa bora kuliko kipya cha dukani. Tazama tu alipoanzia. Mshono mpya unatakiwa ushuke mpaka kwenye pindi ambayo bado ni nzima, iliyobana, isiyovunjika inapokunjwa. Ukifungwa kwenye pindi iliyooza, utang'oka mara ya kwanza igiseke kitakapojazwa maharage.