Kina Kama Ufunguo: Hati za Kiarabu na Uhakiki wa Ushairi wa Kale

Andika ubaoni herufi mbili za be, uzitie fataha zote mbili, kisha umwombe mwanafunzi yeyote aliyesoma chuoni akusomee. Bila shaka atasema "baba". Mwulize tena kama hilo ndilo jibu la pekee. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu kule Pate, Lamu na Mombasa, umbo hilo moja liliweza kuwa baba, papa, bamba au hata pamba. Kiarabu hakina herufi ya p, kwa hivyo be ilitwikwa sauti zote mbili. Nayo nazali inayotangulia b katika neno kama pamba, waandishi wengi wa zamani hawakujishughulisha kuiandika. Kazi hiyo aliachiwa msomaji.

Nimeanza na umbo hili kwa sababu walimu wengi, nikiwemo mimi, tumefundisha mashairi ya kale kana kwamba Muyaka bin Haji aliketi akayaandika jinsi tunavyoyaona vitabuni, kwa herufi za Kirumi, pamoja na koma na alama za mshangao. Hakufanya hivyo. Dai langu katika makala haya ni kwamba vina na mizani vilikuwa pia njia ya kuisoma hati ambayo haikutosheleza sauti za Kiswahili, na kwamba mtahiniwa asiyejua hivyo ataendelea kuvihesabu vidoleni bila kufahamu anahesabu nini.

Kwanza niungame. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha jaribio la ushairi ambalo tulikuwa tumelitunga wenyewe katika idara, kwa mfano wa Karatasi ya Tatu. Shairi lilikuwa la Mombasa, la karne ya 19, na ndani yake mlikuwa na neno "mato" kwa maana ya macho. Swali lilitaka uhuru wa mshairi, na mwongozo wetu ulisema: tabdila. Mvulana mmoja aliyelelewa Lamu aliandika kwamba hapo hapakuwa na uhuru wowote, kwamba hivyo ndivyo wanavyosema nyumbani kwao. Nilimkata alama mbili, na pembeni nikamwandikia kwa wino mwekundu asome upya madokezo yake.

Aliyehitaji kusoma upya ni mimi. Katika Kiamu na Kimvita, pale Kiunguja kinaposema macho, nchi na cheka, wenyeji husema mato, nti na teka. Mshairi hakubadilisha herufi yoyote ili apate kina. Sisi ndio tuliokipokea Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, uamuzi uliofikiwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kisha tukarudi nyuma miaka mia moja kumpima mtu wa Mvita kwa kipimo hicho. Laiti ningaliiona hati yenyewe! Ndani yake neno hilo huandikwa kwa te, wala si kwa shini ambayo waandishi waliitumia kwa sauti ya ch. Herufi moja tu, nayo inatosha kutambulisha lahaja.

Sasa tuingie katika hati hiyo kidogo. Ina herufi 28 na alama tatu za irabu: fataha, kasra na dhuma. Sisi tuna irabu tano. (Neno lenyewe "irabu", tulitumialo darasani kwa maana ya vokali, pwani lilikuwa jina la alama hizo zinazowekwa juu na chini ya herufi.) Fataha haina taabu, ni a. Lakini kasra ilibeba i na e, na dhuma ikabeba u na o. Waajemi walioazima hati hiyo hiyo walijiongezea herufi za p, ch na g. Wahabeshi, wenye hati ya asili nyingine kabisa, huibadilisha kila herufi maumbo saba kwa irabu saba. Waandishi wetu kwa muda mrefu hawakuongeza kitu, au kila mmoja aliongeza chake bila kuafikiana na mwenzake. Hata mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, akishirikiana na P. J. L. Frankl, alikuwa bado anatoa mapendekezo ya jinsi ya kuisawazisha hati hii kwa Kiswahili.

Chukua basi kafu na te, kila moja na kasra yake. Umeandika neno gani? Linaweza kuwa kiti. Linaweza kuwa keti. Linaweza kuwa kete anazochezea mtoto, au kite anachopiga mgonjwa. Maneno manne, umbo moja. Katika barua, maana ya sentensi ingemwongoza msomaji. Katika utenzi, palikuwa na kitu kingine zaidi.

Tuseme neno hilo limesimama mwisho wa mshororo wa pili, na mshororo wa kwanza umeishia kwa "bahati". Hilo la kwanza halina shaka, kwani "bahate" si neno. Kina basi ni -ti. Kete na kite zimekwisha kuondoka, na kati ya kiti na keti maana itaamua. Sasa badili: mshororo wa kwanza uishie kwa "wote". Ukitazama karatasi, alama ya mwisho ni kasra ile ile ya bahati. Lakini hakuna msomaji atakayesoma "woti" au "wuti", kwa hiyo kina ni -te, na sasa kiti na keti ndizo zinazoondoka. Neno moja lisilo na utata hufungua mengine yote ya ubeti wake. Na bahari ya utenzi, ambayo mishororo mitatu ya kwanza hupatana kina na wa nne hurudia kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, inampa msomaji ufunguo huu katika kila ubeti.

Watahiniwa wetu wakiulizwa umuhimu wa vina, hujibu kuwa vina huleta mdundo na kurahisisha kukariri. Jibu hilo ni sahihi, na lipewe alama zake. Hata hivyo ni jibu la mtu ambaye hajawahi kukwama katikati ya mshororo akiwa na kasra mbele yake.

Wala tusidhani kuwa karatasi ilikuwa jambo la kando kwa washairi hawa. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, jambo la mapema alilomtaka ni kusogea karibu na wino na karatasi. Wanafunzi hupita hapo mbio ili wayafikie mawaidha ya ndoa, ambayo ndiyo yanayoulizwa sana, na ambayo darasa la wasichana siku hizi halikosi kuyabishia. Mimi huwasimamisha pale pale kwenye wino. Mama mgonjwa anamwita mtoto wa kike aje aandike, na hashangai hata kidogo kwamba mtoto anajua kuandika! Anayetaka kuhakiki nafasi ya mwanamke katika utendi huu asianzie kwenye utii kwa mume peke yake. Aanzie kwenye kalamu iliyo mkononi mwa binti.

Kuhusu Muyaka njia ni ndefu zaidi. Alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilikusanywa na kuandikwa kwa hati za Kiarabu na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye alimsaidia mmishonari W. E. Taylor kuzifahamu, miswada ikafika London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatupa kitabu ambacho walimu wengi wamekitegemea. Hesabu mikono hiyo. Kila aliyeigeuza kasra kuwa e badala ya i alikuwa anafanya uhakiki, hata kama hakuuita hivyo, na sisi tunausoma uamuzi wake tukidhani ni sauti ya mshairi.

Najua wapo watakaosema kuwa shida hizo zilikwisha Kirumi kilipoingia, tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hadi Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Mimi sikubali. Kirumi kilitupa irabu zetu tano na herufi ya p, na kwa hilo tushukuru. Lakini nacho kina mambo kinayoyaficha, na mojawapo huwagharimu watahiniwa kila mwaka. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga mwenyewe ubaoni:

Mtu mbaya hapendwi
Nyumba mbaya haifai

Yote miwili ina mizani nane. Hata hivyo ukimpa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ahesabu, mara nyingi atakuletea saba katika wa kwanza, kwa sababu ameiona "mbaya" mara mbili akaihesabu sawa. Katika "mtu mbaya", m ni silabi inayojitegemea: m-tu-m-ba-ya-ha-pe-ndwi. Katika "nyumba mbaya", mb ni sauti moja: nyu-mba-mba-ya-ha-i-fa-i. Kirumi kinaziandika sawasawa. Mwandishi wa hati za Kiarabu aliweza kuitia mimu ya kwanza alama yake, na msomaji akajua kuwa hapo pana pigo. Leo hakuna alama. Pana sikio tu, na mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu kwa macho hana msaada.

La pili ni mpumuo. Kimvita hutofautisha kaa la moto na kaa wa ufuoni, paa la nyumba na paa wa mwituni. Yule mnyama na yule kaa wa pwani hutamkwa kwa kupumua baada ya konsonanti ya kwanza. Tahajia sanifu haionyeshi hayo. Muyaka anasifika kwa kuchezea maneno, na ni rahisi mno kwa mhakiki wa bara kama mimi kuona maneno mawili yanayofanana kitabuni, nikatangaza kuwa mshairi ametumia maneno ya sauti moja, ilhali masikioni mwa Wamvita hayakuwa ya sauti moja kamwe. Kabla ya kuandika sentensi hiyo katika madokezo yako, mwalimu mwenzangu, mtafute Mmombasa umsomee.

Yule mvulana wa Lamu alimaliza shule kabla sijayajua haya, kwa hivyo alama zake mbili bado ninadaiwa. Katika idara tumelifuta swali lile. Badala yake huwapa Kidato cha Tatu ubeti mmoja wa utenzi tulioutunga wenyewe, ambamo tumefuta irabu za silabi ya mwisho katika kila mshororo na kuweka nukta mahali pake, isipokuwa katika neno moja. Kazi yao ni kuujaza ubeti na kueleza, kwa kila neno, ni kina, mizani au maana iliyowaongoza. Mara ya kwanza kipindi kiliisha wakibishania kete na kiti, na kengele ilipolia hakuna aliyetoka.