RNA Isiyotengeneza Protini: Jinsi Kazi Yake Ilivyothibitishwa Katika Yai la Chura

Yai likikosea kugawa kromosomu zake, mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na kromosomu ya ziada. Kwa miaka mingi sifa ya kusimamia mgawanyo huo ilipewa protini peke yake. Mwaka 2016 maabara ya Rebecca Heald, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilionyesha kuwa RNA isiyotengeneza protini nayo inahitajika. Njia waliyoitumia inastahili kuchambuliwa.

Walitumia mayai ya chura Xenopus laevis, ambayo hutagwa yakiwa yamesimama katikati ya mgawanyiko. Ute unaoyazunguka huondolewa, kisha mayai huzungushwa kwa kasi katika mashine mpaka yapasuke na kujitenga matabaka. Tabaka la kati, yaani saitoplazimu, hufyonzwa kwa sindano. Ukitia humo viini vya mbegu za kiume, nyuzi zinazovuta kromosomu hujijenga nje kabisa ya seli, nawe unazitazama kwa darubini.

Tangu mwaka 2005 ilijulikana kwamba kimeng'enya kinachosaga RNA kikitiwa humo, nyuzi hizo huvurugika. Lakini RNA hiyo ilifanya kazi katika hatua ipi? Watafiti wakazifunga hatua moja baada ya nyingine, kama fundi bomba anayetafuta panapovuja. Walipozuia utengenezaji wa protini, nyuzi zilijengeka vizuri. Walipozuia DNA isinakiliwe kuwa RNA, ziliharibika. Walipoiacha RNA inakiliwe lakini wakazuia isikatwe na kuungwa, ziliharibika pia.

Nguvu ya hoja imo katika tofauti hiyo. Kama RNA ingehitajika kwa ajili ya protini mpya tu, jaribio la kwanza ndilo lingeleta madhara. Badala yake, ukataji ulipozuiwa, RNA ndefu ambazo hazijakatwa zilirundikana kutoka sentromea, mahali nyuzi zinaposhika kromosomu. Hapohapo protini za CENP-A, CENP-C na NDC80 zikapungua, na MCAK, inayobomoa nyuzi, ikajazana kwenye nyuzi zenyewe: ishara kwamba Aurora B, protini inayoidhibiti, haikufanya kazi ipasavyo.

Mwaka 2018 maabara hiyohiyo ilionyesha kuwa mayai ya Xenopus borealis, chura wa Marsabit, Kenya, nayo hujenga nyuzi hizo nje ya seli. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vimfanyie chura huyu majaribio hayo matatu. Matokeo yakilingana, tutajua kanuni hii haimhusu chura mmoja tu.