Saruji Inayojua Kuvunjika

Fundi wa zege husifiwa kwa uimara wa kazi yake. Wanaotengeneza vitanda vya kuzuia ndege hutafuta sifa nyingine: saruji yao hutiwa povu hadi ikauke nyepesi na tete, imejaa viputo. Vitalu vyake hupangwa baada ya mwisho wa njia ya kurukia, na ndege iliyoshindwa kusimama ikiviingia, magurudumu huvisaga. Kila kitalu kinachosagika hula sehemu ya mwendo, hata kama breki zimegoma na mvua inanyesha.

Kazi yenyewe ni kipimo. Kitalu kikiwa kigumu kupita kiasi, mguu wa mbele wa ndege hukatika na pua hujigonga chini. Kikiwa laini mno, ndege hupita tu. Kwa hiyo wahandisi huchunguza ndege zinazotumia njia ile, kubwa na ndogo, kisha hukisanifu kitanda kianze na kina kifupi na kuongezeka polepole, ili mwili wa ndege ubanwe bila kushtuliwa. Shabaha yao ya kawaida ni kuisimamisha ndege iliyotoka njiani kwa kasi ya takriban kilomita 130 kwa saa. Na saruji hiyohiyo dhaifu lazima ivumilie baridi na jua miaka mingi, kisha iwabebe abiria wanaoshuka na magari ya zimamoto yanayowafuata. Hapo ndipo navua kofia.

Mwaka 1984, katika uwanja wa John F. Kennedy, New York, ndege aina ya DC-10 ilipitiliza ikaishia majini, ingawa wote walinusurika. Kitanda cha kwanza kiliwekwa hapo mwaka 1996. Mwaka 1999 kiliikamata Saab 340, ndege ndogo ya abiria. Mwaka 2005 kikaikamata Boeing 747 ya mizigo, yenye uzito zaidi ya mara kumi ya ile ndogo.

Huko Charleston, West Virginia, uwanja uko juu ya kilima na ukingoni ni mteremko mkali. Januari 2010 marubani walighairi kupaa, lakini walichelewa kuamua. Ndege yao ilizama katika kitanda cha uwanja huo ikasimama, na watu wote 34 wakatoka bila majeraha. Mafundi wakarudi, wakang'oa vitalu vilivyosagika na kupanga vipya.