Kiwambo cha Utafutaji kama Matini: Uhakiki wa Viwambo Changamani vya Kuchagua Taarifa katika Programu za Biashara

1.0 Utangulizi

Viwambo vya utafutaji katika programu za biashara vimezoeleka kuhukumiwa kwa idadi. Huhesabiwa nyuga zilizopo, vitufe vilivyopangwa na mibofyo inayohitajika kabla ya matokeo kutokea. Kisha hutolewa pendekezo kwamba vipunguzwe. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini kinaliacha kando swali la msingi: je, mtumiaji akishapata matokeo, anajua ni swali gani hasa alilouliza? Makala hii inakihakiki kiwambo cha utafutaji kama matini, yaani maandishi yenye mwandishi, msomaji na maana inayoweza kupotoshwa. Hoja yake kuu ni kwamba udhaifu mkubwa wa viwambo changamani hauko katika wingi wa nyuga, bali katika ukimya. Kiwambo hupokea masharti mengi, huyaunganisha kwa kanuni kisizozitaja, kisha hutoa jibu bila kumsomea mtumiaji ulizo lililojibiwa.

Istilahi "ulizo" inatumika hapa kwa maana ya jumla ya masharti yote ambayo programu huyafuata inapotafuta kumbukumbu katika hifadhidata. Mfano unaohakikiwa ni kiwambo cha kuchagua taarifa katika programu za SAP, kampuni iliyoasisiwa Ujerumani mwaka 1972, ambayo programu zake hutumiwa na mashirika makubwa duniani, yakiwamo baadhi ya mashirika ya Afrika Mashariki. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu umbo lake limedumu kwa miongo kadhaa na kanuni zake zinafahamika wazi kwa wataalamu, ingawa hazionekani kwa mtumiaji wa kawaida.

2.0 Misingi ya Uhakiki

Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, hueleza urahisi wa matumizi kwa vigezo vitatu: usahihi na ukamilifu wa kufikia lengo, kiasi cha rasilimali kinachotumika, na kuridhika kwa mtumiaji. Vyote hupimwa katika muktadha mahususi wa matumizi. Katika kazi ya uhasibu, kigezo cha kwanza ndicho kizito zaidi. Mhasibu aliyepata jibu pungufu kwa sekunde tatu, akaridhika nalo na kutia saini, amefaulu katika vigezo viwili vya mwisho na kuanguka katika kile kinachobeba dhamana ya kazi yake.

Wataalamu wa utafutaji wameliona tatizo hili kutoka pande mbalimbali. Katika miaka ya 1970, Moshé Zloof wa IBM alibuni mbinu ya kuuliza kwa mfano, ambapo mtumiaji huandika thamani ndani ya jedwali tupu badala ya kutunga amri. Mwaka 1989, Marcia Bates alifananisha utafutaji na uchumaji wa matunda msituni: mtafutaji hapati yote mahali pamoja, na swali lake hubadilika kadiri anavyoendelea kuchuma. Naye Ben Shneiderman alitetea maulizo ambayo matokeo yake hubadilika papo hapo mtumiaji anapovuta kidhibiti. Kinachowaunganisha ni kuuona utafutaji kama mazungumzo. Kiwambo cha kuchagua, kwa upande wake, kimerithi kutoka kwa Zloof umbo la kujaza nafasi, lakini hakikurithi mazungumzo.

3.0 Kanuni Zisizotamkwa

Katika kiwambo cha SAP, kila uga wa uchaguzi huwa na nafasi mbili, ya mwanzo na ya mwisho, pamoja na kitufe cha mshale kinachofungua kidirisha chenye kurasa nne: thamani mojamoja zinazojumuishwa, masafa yanayojumuishwa, thamani zinazoondolewa, na masafa yanayoondolewa. Uga ukiachwa wazi, maana yake ni "zote". Thamani zilizojumuishwa ndani ya uga mmoja huunganishwa kwa "au". Nyuga tofauti huunganishwa kwa "na". Kanuni hizi ni thabiti na zina mantiki. Hata hivyo, hazikuandikwa popote kwenye kiwambo chenyewe.

Athari ya kwanza inahusu kiunganishi. Mkuu wa idara anapomwambia karani, "Niletee ankara za Mwanza na Dodoma," kila msemaji wa Kiswahili anaelewa kuwa zinatakiwa ankara za miji yote miwili. Katika mantiki ya hifadhidata, "na" hiyo ingedai ankara moja iwe ya Mwanza na papo hapo iwe ya Dodoma, jambo lisilowezekana. Kiwambo humwokoa karani hapa, kwa kuwa ndani ya uga mmoja "na" ya mazungumzo hugeuzwa "au" kimyakimya. Lakini akiagizwa ankara "zilizochelewa au zinazozidi shilingi milioni kumi", hana pa kuliandika hilo. Tarehe na kiasi ni nyuga mbili, na nyuga mbili huunganishwa kwa "na" tu. Akizijaza zote mbili atapata ankara zilizochelewa ambazo pia zinazidi milioni kumi. Orodha itatokea, itaonekana safi, na itakuwa pungufu.

Athari ya pili inahusu masafa. Karani anayegawana kazi na mwenzake kwa majina ya miji anaweza kuandika A katika nafasi ya mwanzo na M katika nafasi ya mwisho. Kwa mazoea ya daftari, anatarajia kupata miji yote hadi herufi M. Programu, kwa kuwa hulinganisha herufi moja baada ya nyingine, huiona "Mwanza" kuwa inakuja baada ya "M" peke yake. Hivyo Mbeya, Morogoro, Mtwara na Mwanza zitaachwa nje. Mwenzake akianza na N, miji hiyo haitakuwa kwa yeyote kati yao. Neno "hadi" limetumika kwa maana mbili, ya mtu na ya mashine, na kiwambo hakikuonyesha ni ipi iliyoshinda.

4.0 "Hakuna" kama Dai

Uzito wa ukimya huu hudhihirika zaidi pale matokeo yanapokosekana. Kiwambo cha kuorodhesha kumbukumbu za wazabuni, kinachofahamika kwa msimbo FBL1N, humtaka mtumiaji achague hali ya kumbukumbu: ambazo hazijalipwa, zilizokwisha kufungwa, au zote. Hali ya kwanza ndiyo ambayo kwa kawaida huwa imechaguliwa tayari. Chini yake kuna orodha ya aina za kumbukumbu, ambamo zile za kawaida huwa zimetiwa alama, huku zile zilizoegeshwa, yaani zilizoingizwa bila kukamilishwa, zikiwa hazina alama.

Chukulia kuwa mzabuni amepiga simu akidai ankara yake haijalipwa, na karani anataka kujua kama iliwahi kuingizwa. Anaandika nambari ya mzabuni na kutekeleza. Ankara hiyo ikiwa imeshalipwa au imeegeshwa, haitatokea. Karani anaweza kuhitimisha kuwa haikuingizwa kamwe, akaiingiza upya. Ni kweli kwamba programu ina ukaguzi wa ankara rudufu, lakini ukaguzi huo hutegemea mipangilio iliyowekwa na kulingana kwa taarifa kama nambari ya rejea. Kosa dogo la kunakili nambari hiyo latosha kuupita, na fedha zikalipwa mara mbili.

Kiswahili kina namna ya kuitenganisha hali hii. "Hakuna" ni dai kuhusu ulimwengu. "Haikuonekana" ni taarifa kuhusu utafutaji. Mtu aliyetumwa kutafuta ufunguo chumbani akirudi na kusema "haupo", anaulizwa palepale: "Umetazama wapi?" Kiwambo hakiulizwi, wala hakijisemei. Ujumbe mfupi kwamba hakuna kilichochaguliwa humwachia mtumiaji kazi ya kukumbuka alitazama wapi, ilhali kanuni mashuhuri za Jakob Nielsen za mwaka 1994 zinahimiza utambuzi badala ya kukumbuka.

5.0 Tathmini ya Tiba Zilizopo

Tiba ya kwanza ni kuficha. Kiolesura cha Fiori, kilichoanzishwa na SAP mwaka 2013, huweka nyuga chache juu na kumwachia mtumiaji aongeze nyingine anapozihitaji. Kiwambo huwa chepesi machoni, na kwa anayeanza hilo si jambo dogo. Walakini, sharti lililofichwa halijaacha kufanya kazi. Vivyo hivyo kwa maulizo yaliyohifadhiwa, ambayo humwondolea mtumiaji kazi ya kujaza upya kila mwezi. Mfanyakazi mpya akirithi ulizo lililohifadhiwa na mtangulizi wake, likiwa na mzabuni mmoja aliyeondolewa kwa sababu iliyokwisha kusahauliwa, anarithi pengo asilolijua.

Tiba ya pili ni kisanduku kimoja cha kuandikia neno, kwa mfano wa injini za utafutaji za intaneti. Tiba hii inafaa panapotafutwa kitu kimoja kinachojulikana. Haifai kwa mkaguzi wa hesabu, ambaye hatafuti jibu moja zuri bali orodha isiyokosa kitu. Wanaoilaumu programu ya biashara kwa kutofanana na injini hizo wanasahau kuwa haja ni tofauti.

Tiba ya tatu ni vichujio vya vipengele. Asili yake ni fikra za S. R. Ranganathan, mkutubi wa India aliyechapisha mfumo wake wa uainishaji mwaka 1933. Marti Hearst na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliiendeleza katika violesura vya kompyuta. Kila kichujio huonyesha idadi ya kumbukumbu kabla ya kubofywa. Katika mfano wa FBL1N, kichujio cha namna hii kingeonyesha kuwa ankara zilizoegeshwa ni mbili, na karani angezifungua. Hii ndiyo tiba inayokaribia zaidi kiini cha tatizo, kwa sababu inakifanya kiwambo kisema kinachojua. Upungufu wake ni kwamba husema kwa vipande, na si kwa ulizo zima.

6.0 Sentensi ya Ulizo na Suala la Ngeli

Kutokana na uhakiki huu, makala inapendekeza kwamba kila orodha ya matokeo, hata ile tupu, itanguliwe na sentensi moja kamili inayosoma ulizo lililojibiwa. Kwa mfano: "Ankara za mzabuni huyu ambazo hazijalipwa, zilizolipwa na zilizoegeshwa hazikutazamwa." Sentensi hiyo haipunguzi uga hata mmoja, lakini karani akiisoma hawezi kuichukua orodha tupu kama ushahidi kwamba ankara haikuingizwa.

Pendekezo hili lina ugumu wake katika Kiswahili. Mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuzaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa msamiati wa programu za ofisini unaweza kupatikana kwa Kiswahili. Sentensi, hata hivyo, haiundwi kwa msamiati pekee. Programu nyingi huunganisha maneno yaliyotafsiriwa mojamoja, na lebo moja ya "isiyolipwa" haiwezi kutumika kila mahali: ankara zisizolipwa, madai yasiyolipwa, wazabuni wasiolipwa. Hata lebo ya nafasi ya mwanzo ina mtego, kwani "Kutoka" huweza kusomwa kama amri ya kufunga programu. Kwa hiyo mfasiri hana budi kupewa violezo vya sentensi nzima kwa kila aina ya kumbukumbu, badala ya orodha ya maneno yaliyotengwa na muktadha. Gharama yake ni kubwa zaidi mwanzoni, na ndiyo sababu huepukwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imebainisha kuwa uchangamani wa kiwambo cha utafutaji si kosa kwa wenyewe. Mara nyingi huakisi uchangamani wa kazi inayofanywa. Kosa ni kumwachia mtumiaji dhamana ya ulizo asiloonyeshwa. Inapendekezwa kuwa tafiti za urahisi wa matumizi, pamoja na kupima muda na mibofyo, ziwatake washiriki waeleze kwa maneno yao wenyewe ni nini walichouliza na ni nini kilichoachwa nje. Mshiriki akishindwa kueleza, kiwambo ndicho kilichoshindwa, hata kama orodha ilitokea haraka na bila hitilafu yoyote.